Mashine ilinikata vidole, wakanipa laki tatu na karatasi ya kusaini

Mama salaam,

Naomba univumilie kama maandishi yangu yamechanganyika, naandika na gumba la mkono wa kushoto na mimi si mtu wa kushoto. Nina miaka 27, kwetu ni Koboko hapa Uganda lakini nakaa Seeta na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha plastiki huku upande wa Mukono, tunatoa beseni, jagi na viti. Nimefanya pale mwaka mmoja na miezi mitatu lakini kontrakti sina, sisi wote wa mashine tunaitwa watu wa leja leja, yaani vibarua, na pesa yenyewe haitoki kwa kiwanda, inatoka kwa kampuni nyingine ndiyo inaleta wafanyakazi, wanatutumia kwa mobail mani kila Jumamosi, 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na chakula tunapewa pale pale posho (ugali) na maharage kwa kuponi.

Sasa zimepita wiki saba. Nilikuwa shifti ya usiku, kama saa tisa hivi. Ile mashine ina mlango mbele, ukiufungua inatakiwa isimame yenyewe, lakini swichi ya huo mlango ilikuwa imekazwa na kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli tangu zamani, supavaiza ndiye aliikaza kwa sababu mashine ikisimama simama hesabu ya usiku haifiki. Beseni ikakwama ndani, nikaingiza mkono kuitoa kama tunavyofanya sisi wote kila siku, na mashine ikafunga. Mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati vimeenda vyote, cha pete kimebaki nusu.

Supavaiza mwenyewe alinibeba na pikap mpaka kliniki, wakashona, kiwanda kikalipa siku hiyo. Baada ya hapo kidonda kilianza kutoa maji nikaenda hospitali kubwa, hiyo nililipa mwenyewe, mpaka sasa imefika 180,000 ya kukopa. Siku ya tisa wakaniita ofisini, mama mmoja wa ofisi akanipa laki tatu, akaleta karatasi ya Kiingereza akasema ni ya kuonyesha nimepokea. Mimi shule niliachia P5, darasa la tano la msingi. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji kwa hiyo nikaweka dole gumba la kushoto. Kopi walininyima lakini nilimwomba anipigie picha kwa simu yangu akakubali, nimekutumia hiyo picha.

Nikirudi kuuliza kuhusu fidia supavaiza anasema kosa ni langu, nani aliniambia niingize mkono. Kiwanda kinasema niende kwa ile kampuni, kampuni inasema ajali ilitokea kwa kiwanda. Mwenzangu tunayekaa naye nyumba moja aliona kila kitu lakini anaogopa atafukuzwa akisema. Mke wangu anasema turudi Koboko tukalime, tumwachie Mungu. Mama, je, mtu wa leja leja ana haki yoyote? Na kama nilishaweka dole, si imeisha?

Mwanao, Seeta

JIBU

Mwanangu, pole, tena pole sana. Nimesoma barua yako mara tatu na kila nikifika kwenye huo mpira wa baiskeli nasimama. Nitakuambia kila kitu ninachojua lakini kwanza hili: haijaisha. Wiki saba si mchezo, ungekuja wiki ya pili ningefurahi zaidi, lakini haijaisha, na usipande basi la Koboko kabla hujafanya ninayokuambia hapa chini.

Tuanze na lile linalokuumiza rohoni, la kosa. Uganda tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, na hiyo sheria inasema wazi kabisa kwamba fidia inalipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Kinachoangaliwa ni kama uliumia kazini na kwa sababu ya kazi, na ukiumia ukiwa kazini sheria inachukulia moja kwa moja kwamba ni kwa sababu ya kazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo swali la supavaiza, nani alikuambia uingize mkono, halina mahali hapa. Ulikuwa unatoa beseni yao kwenye mashine yao saa tisa ya usiku, imetosha. Na kwa kweli hata tukisema tutafute kosa hatutalipata kwako, sababu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akinge sehemu hatari za mashine, na mtu aliyekaza ile swichi ndiye aliyeondoa hiyo kinga.

Nakuambia hili kwa nguvu kwa sababu nimeliona. Nilisimama kwenye mashine za nyuzi Jinja miaka kumi na moja, na mitano ya mwisho wenzangu walinichagua niwasemee kwa wakubwa. Kulikuwa na dada mmoja mkono wake ulivutwa na roli, akapoteza kiganja. Bosi alimtembelea nyumbani na sukari, sabuni na bahasha, akakaa kitini akanywa chai, na yule dada akamshukuru mbele yetu machozi yakimtoka. Hakudai kitu. Alikuwa anaamini kabisa kwamba yeye ndiye aliwaharibia kazi na wao wamemsamehe. Mimi wakati ule nilikuwa sijui sheria hata mstari mmoja kwa hiyo nilikaa kimya nami nikanywa chai, na hilo linanisumbua mpaka leo, ndo maana barua kama yako siwezi kuiweka pembeni.

Sasa karatasi. Hiyo picha nimeisoma yote. Imeandikwa kwamba umepokea shilingi 300,000 kama msaada wa kibinadamu na kwamba hutadai kiwanda wala kampuni kitu chochote tena. Angalia hilo neno msaada, wameliweka makusudi, neno fidia halimo hata mara moja. Sheria inaruhusu mfanyakazi na mwajiri kukubaliana fidia kwa maandishi, lakini makubaliano hayo yanatakiwa yapite kwa leba ofisa, yule ofisa wa serikali wa mambo ya kazi, ayakubali na kiasi kisiwe chini ya kile ambacho sheria yenyewe inakupa. Yako hayakupita kwa mtu yeyote, hukusomewa kwa lugha unayoielewa, na kiasi utaona mwenyewe sasa hivi kiko wapi. Usiiogope hiyo karatasi, na picha yake usiifute, itunze vizuri maana inaonyesha kwamba walijua umeumia na tarehe waliyojua.

Haya, hesabu. Fuatana nami polepole, chukua kalamu mwambie mke wako aandike.

Mtu akipata ulemavu wa kudumu wa kutoweza kazi kabisa, fidia yake ni mapato ya miezi 60. Akipata wa sehemu, kama wewe, daktari anapima ulemavu ni asilimia ngapi akifuata jedwali lililo ndani ya sheria, halafu unalipwa asilimia hiyo ya miezi 60. Wewe ni 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, tuseme siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 312,000. Mara 60 inafika 18,720,000. Sasa sijui daktari atakupa ngapi, hiyo ni kazi yake, lakini tukichukua 25 kwa mia kwa mfano tu, inakuja 4,680,000.

Na usisahau posho na maharage! Hapa watu wengi wanapunjwa. Sheria inahesabu kwenye mapato na thamani ya chakula au nyumba ambayo mwajiri alikuwa anakupa na ajali ikakunyima. Kile chakula kikiwekwa hata 2,000 kwa siku, mwezi unakuwa 364,000, miezi 60 ni 21,840,000, na ile 25 kwa mia inapanda mpaka 5,460,000. Yaani sahani ya maharage imekuletea 780,000 juu. Kama ulikuwa unafanya ovataim mara kwa mara nayo inahesabiwa. Zile kuponi kama umebakiwa na hata moja mfukoni mwa suruali ya kazi, itoe uiweke kwenye bahasha.

Mbali na hiyo kuna gharama za matibabu: hospitali, dawa, na hata usafiri wa kwenda na kurudi, mwajiri anatakiwa kuzibeba. Ile 180,000 uliyokopa ni yao, tafuta risiti. Na mwezi wa kwanza uliokaa nyumbani mgonjwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mtu aliyeshamaliza angalau mwezi mmoja kazini alipwe mshahara kamili, je walikutumia chochote Jumamosi zile nne? Nahisi hapana. Kaandike nalo.

Umeuliza kama mtu wa leja leja ana haki. Anayo. Sheria ya fidia inamwangalia mtu anayefanya kazi kwa malipo, haijasema awe na kontrakti ya karatasi, hata mwanafunzi wa kazi anaingia, wanaoachwa nje ni wanajeshi walio kazini na yule fundi anayejitegemea kabisa. Tena wewe hata hilo jina la leja leja halikufai, kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema mtu hakai leja leja zaidi ya miezi minne, baada ya hapo anatakiwa apewe kontrakti. Umekaa miezi 15. Kwamba hawakukupa hilo ni kosa lao na hawawezi kuligeuza silaha dhidi yako.

Na huu mchezo wa kukurusha kama mpira kati ya kiwanda na kampuni ya kuleta watu, nimeuona viwanda vingi sana, ndiyo maana unanikera. Kampuni ndiyo inakulipa kwa hiyo ni mwajiri wako, haina pa kukimbilia. Lakini sheria inasema pia kwamba mwenye kazi akimpa mtu mwingine kazi yake aifanye na wafanyakazi wake, mfanyakazi akiumia anaweza kumdai huyo mwenye kazi kama vile alimwajiri yeye, wao wenyewe watamalizana huko baadaye. Kwa hiyo usichague, andika majina yote mawili. Kila mwajiri pia sheria inamlazimisha awe na bima ya wafanyakazi wake kuumia, na mara nyingi bima ipo na inalipiwa kila mwaka, ni vile tu hawaripoti ajali. Muulize leba ofisa awaulize hati ya bima iko wapi.

Sasa nini cha kufanya, na hapa nataka haraka.

Sheria inataka mwajiri apewe taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja. Usishtuke, haikufungii mlango kama mwajiri alishajua ajali kwa njia nyingine, na wako alijuaje? Supavaiza alikubeba kwa pikap, kiwanda kililipa kliniki, ofisi ikakupa laki tatu na karatasi yenye tarehe. Walijua kuliko hata mke wako. Lakini bado andika barua leo hii, fupi tu, tarehe na saa ya ajali, mashine gani, vidole gani, nani alikupeleka kliniki, na kwamba unadai fidia kwa sheria ya wafanyakazi. Toa kopi tatu. Peleka moja kiwandani na moja kwenye kampuni, ile ya tatu wakugongee muhuri wa kupokea, wakikataa kugonga usigombane na mtu getini, andika jina la aliyekataa na saa, mwenyekiti wako wa LC1, yule wa serikali ya kijiji, akusindikize awe shahidi.

Halafu Jumatatu asubuhi nenda ofisi ya leba ofisa kwenye wilaya ya Mukono. Hapo hutoi pesa, ukiombwa pesa ya faili uliza risiti. Mwajiri alitakiwa awe ameshamripotia ajali yako siku nyingi, utakuta hajaripoti, hilo nalo litamsaidia ofisa kuelewa anashughulika na watu gani. Mweleze na ule mpira wa baiskeli, mwambie unaomba wakaguzi wa usalama kazini kutoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii waende waone, maana usiku huu ninapoandika kuna kijana mwingine amesimama mbele ya mashine ile ile.

Daktari wa kupima asilimia, gharama yake ni ya mwajiri. Lakini sikiliza, wakikupeleka kwa daktari wao na akakupa asilimia ndogo ambayo unaona haifanani na mkono wako, hulazimiki kuikubali, kuna bodi ya madaktari ya kuamua ugomvi kama huo, mwambie leba ofisa hukubaliani. Na ukifika kwa daktari usijikaze kiume. Mwonyeshe jinsi unavyoshindwa kufunga kifungo, kubeba jerikani, kushika jembe. Wanaume wengi daktari akiwauliza mnaendeleaje wanasema nzuri tu, na hiyo nzuri inaandikwa.

Tangu wapokee barua yako zikipita siku 21 na hawajakubaliana nawe kwa maandishi juu ya kiasi, sheria inakuruhusu kupeleka dai mahakamani, mahakama ya wilaya ajali ilipotokea. Usiende huko peke yako. Kampala kuna Platform for Labour Action ambao kazi yao hasa ni wafanyakazi kama wewe, kuna Justice Centres Uganda, na chama cha mawakili Uganda Law Society nao wana mradi wa msaada wa sheria. Hawa ni bure kwa mtu asiye na uwezo. Wale wanaokaa nje ya mahakama wakikuambia nipe nusu nitakumalizia, pita mwanangu, usisimame hata kuwasalimia. Wakili wa kweli anaweza pia kukuambia kwamba kwa sababu ya ile swichi kuna njia ya kushtaki uzembe wa mwajiri ambayo inaweza kuleta zaidi, lakini hulipwi mara mbili kwa jeraha moja, kwa hiyo amua naye kabla hujasaini kitu chochote kipya.

Ushahidi wa kazi yako usikutishe, unao. Nenda kwa mobail mani wakuprintie rekodi ya miezi 15, kila Jumamosi jina la kampuni litakuwepo hapo. Karatasi za kliniki, eksirei, zile kuponi, picha za mkono wako tangu siku ya kwanza kama mke wako alipiga. Weka vyote bahasha moja, piga picha na vyote, tuma kwa mtu wa nyumbani unayemwamini.

Kuhusu mwenzako, simlaumu hata kidogo kuogopa, ana watoto wake. Mwambie hivi: Sheria ya Ajira haikubali mtu kufukuzwa kwa sababu amepeleka malalamiko dhidi ya mwajiri, lakini wewe na mimi tunajua kufukuzwa kunakuja kwanza na sheria inafika baadaye. Kwa hiyo usimburute. Aeleze aliyoyaona kwa leba ofisa kwa faragha kama anaweza, na kama hawezi, dai lako linasimama bila yeye, una karatasi za kutosha.

Kwa wengine mnaosoma hapa, haraka haraka: sheria hii inakuhesabia pia ukigongwa ukiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kurudi, ni wewe unatakiwa uonyeshe kwamba hukupinda mahali pengine. Jeraha dogo ambalo halijakuzuia kazi angalau siku tatu mfululizo na halikuacha ulemavu halina fidia. Na mtu akifa kazini, waliokuwa wanamtegemea kwa kila kitu wanadai miezi 60 ya mapato yake. Nawasihi wajane, msikubali jeneza na gunia la mchele mkaambiwa tumemaliza. Na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni kitu kingine, ile ni akiba yako, isichanganywe na fidia hata kama ofisini wanakuambia utachukua kule.

Mwambie mke wako huyo namsalimu, na shamba la Koboko naliheshimu, kwenda kulima si aibu. Ila mvumilie mpaka faili lifunguliwe lipate namba. Hiyo namba iandikeni kwenye kadi ya kliniki ya mtoto maana hiyo hampotezi, mwachieni leba ofisa simu mbili, yako na ya mtu aliyebaki Seeta, ndipo mpande basi. Na barua yako kabla hujaipeleka nitumie picha niipitie, hata ukiandika usiku, mimi nalala saa tano.